Video isiyokwama kwenye aplikesheni ya duka lako

Mnunuzi aliyeko Lubumbashi anataka kuuona mzigo wa vitenge kabla ya kutuma fedha Kariakoo. Picha hazimtoshi, anataka video. Aplikesheni ya kumwonesha inaweza kujengwa bila kuandika msimbo, kwa kutumia Bubble, FlutterFlow au Adalo. Kazi ngumu ni kuifanya video ionekane pale mtandao unapokuwa dhaifu.

Wengi hupakia faili moja la MP4, ambalo lina ubora mmoja tu. Video ya kilobiti 3,000 kwa sekunde hula megabaiti 22.5 kila dakika, na ya dakika tatu hufikia 67.5. Bando linaloisha ni la mteja. Dereva aliyevuka Tunduma akiwa bado na laini ya nyumbani huumia zaidi. Ikikwama anaifunga, na oda imepotea.

Dawa ni video inayojirekebisha. Mfumo unaojulikana zaidi ni HLS, ulioanzishwa na Apple mwaka 2009. Video hukatwa vipande vya sekunde chache, na kila kipande huwekwa katika ngazi kadhaa za ubora. Kicheza video kwenye simu hupima kasi ya mtandao, kisha huchagua ngazi ya kipande kinachofuata. Mtandao ukishuka picha hufifia, lakini haisimami.

Kazi ya kukata vipande hufanywa na watoa huduma kama Mux au Cloudflare Stream. Ukishapakia video kwao, utapata kiungo kinachoishia na .m3u8, nacho ndicho cha kubandika kwenye sehemu ya video badala ya faili la MP4. Ijaribu kwenye simu za aina tofauti: Safari ya iPhone huicheza HLS yenyewe, lakini baadhi ya vivinjari huhitaji nyongeza kama hls.js.

Hapa ndipo wauzaji wengi hujisahau. Mtandao ukiwa mzuri, mfumo huu hupanda hadi ngazi ya juu na kulimaliza bando lile lile uliloliokoa. Weka kikomo cha ubora, na uzuie video kujicheza yenyewe ukurasa unapofunguka. Ngazi ya chini ya kilobiti 400 hula megabaiti 3 tu kwa dakika. Cloudflare Stream hutoza kwa dakika zilizohifadhiwa na zilizotazamwa, hivyo video fupi inakufaa hata wewe muuzaji. Rangi za kitenge zisipoonekana vizuri katika ngazi hiyo, weka picha moja safi pembeni.