Mfalme Aliyegeuzwa Peasi

Mwanzoni mwa miaka ya 1830, kuta za Paris zilijaa michoro ya mapeasi, na hata watoto walijua kwamba tunda hilo, jembamba juu na pana chini, ni uso wa Mfalme Louis-Philippe. Wapenzi wa katuni hupenda kusema kicheko hicho ndicho kilichomng'oa. Sivyo. Peasi lilizaliwa mahakamani, na mkunga wake alikuwa serikali yenyewe.

Louis-Philippe aliingia madarakani kwa mapinduzi ya Julai 1830, na Katiba aliyoiapia ilitamka kwamba udhibiti wa machapisho hautarudishwa kamwe. Charles Philipon aliiamini ahadi hiyo, akaanzisha gazeti la kila wiki, La Caricature. Mwaka 1831 akashtakiwa kwa mchoro uliomwonyesha mfalme kama fundi lipu anayefuta ukutani kumbukumbu za Julai. Katika kosa hilo peasi halikuwamo. Liliingia siku ya kesi, Novemba, Philipon alipochora nyuso nne: ya kwanza ni mfalme, ya nne ni peasi tupu. Kama kufanana ni hatia, alihoji, hatia inaanzia uso wa ngapi? Alihukumiwa kifungo cha miezi sita na faini ya faranga 2,000, na Paris ikapata mchezo mpya.

Mtu atasema gazeti lile lilikuwa ghali, na wengi hawakujua kusoma. Kweli, lakini picha zilitundikwa kwenye dirisha la Aubert, duka lililoziuza, na umati ulizitazama bila kulipa hata senti. Tena peasi halihitaji fundi. Mwenye kipande cha mkaa anaweza kulichora.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba dhihaka hupoza hasira: mtu akishacheka, huenda zake kulala. Huenda ni hivyo kwa picha ya mchoraji Honoré Daumier iliyomfanya afungwe gerezani, ile ya mfalme jitu anayemeza vikapu vya fedha za maskini. Lakini Aprili 1834 askari waliingia katika nyumba moja ya mtaa wa Transnonain wakaua wakazi wake, na Daumier akachora mwanamume aliyevaa nguo ya kulalia, amelala sakafuni juu ya maiti ya mtoto. Hapo hakuna cha kuchekesha. Picha hiyo ilitolewa katika mfululizo uliouzwa ili kulipia faini za Philipon, kwa hiyo kila adhabu ilizaa mchoro mwingine.

Serikali ililielewa hilo kuliko wasifiaji wa katuni. Baada ya mtu aitwaye Fieschi kujaribu kumuua mfalme Julai 1835, sheria ya Septemba iliwaacha waandishi waadhibiwe baada ya kuchapisha, ila mchoraji alitakiwa kuomba kibali kwanza. Hoja ya mawaziri ilikuwa kwamba maneno ni maoni, lakini picha ni kitendo. Katuni za siasa zikazimwa, na mfalme akatawala zaidi ya miaka 12 mingine, kwa hiyo waliomng'oa Februari 1848 walikuwa watu wenye vizuizi vya barabarani na bunduki. Wiki chache baadaye Daumier alichora mtoto wa mtaani akijibwaga kwenye kiti cha enzi, akishangaa jinsi mto wake ulivyo laini. Peasi halimo.