Kompyuta Mbili, Ili Moja Ipumzike

Agosti 1949 Umoja wa Kisovieti ulilipua bomu lake la kwanza la nyuklia. Marekani, kwa kuhofia ndege za kudondosha mabomu, ikajikuta inahitaji kitu ambacho hakijawahi kuwepo: kompyuta ya kupokea habari za rada usiku na mchana, pasipo kuzimwa.

Kompyuta za zama hizo zilizimwa kila mara. Zilitegemea valvu za kioo, kama zile zilizomulika ndani ya redio za zamani, na valvu huungua. Hesabu yake ni ya kutisha: mtambo wenye valvu 5,000, kila moja ikidumu wastani wa saa 5,000, utapoteza moja kila saa.

Kundi la Jay Forrester katika chuo cha MIT, lililounda kompyuta ya Whirlwind, lilikataa kungojea hitilafu. Katika muda wa matengenezo, mafundi walibadili kwa makusudi volti ya sehemu moja baada ya nyingine huku programu za majaribio zikiendelea. Valvu iliyochoka, ambayo pengine ingejikongoja siku kadhaa zaidi, ilishindwa papo hapo, fundi akiwa tayari na nyingine mkononi.

Lakini njia hiyo ilihitaji muda wa mapumziko, na ulinzi wa anga haukuwa nao. Ndiyo maana mtandao wa SAGE, ambao kituo chake cha kwanza kilianza kazi mwaka 1958 huko McGuire, New Jersey, ulijengwa kwa gharama ambayo ni serikali yenye hofu tu ingeikubali. Katika jengo la zege lisilo na madirisha ziliwekwa kompyuta mbili kubwa za IBM. Moja ilifuatilia ndege; nyingine ilipimwa na kubadilishwa vipuri, kisha zikapokezana zamu.

Kununua ya pili hakukuwa ndiyo kazi ngumu. Kompyuta inayotoka matengenezoni haijui ndege ipi iko wapi. Ikipewa zamu hivyo, ni kipofu. Wahandisi wakaweka kati yao ngoma ya sumaku, chombo cha kuhifadhi kumbukumbu, ambamo kompyuta ya zamu ilimwachia mwenzake mabadiliko ya hali ya anga mara kadhaa kwa dakika. Ndivyo nahodha anavyokabidhi usukani pamoja na habari za mwamba ulio mbele.

Kampuni ya simu ya Bell nayo ilitumia mashine pacha katika kituo cha Succasunna, New Jersey, mwaka 1965, ikilenga kusimama kusikozidi saa mbili katika miaka 40. Mwaka 1976 kampuni ya Tandem ilianza kuuza kompyuta ambazo fundi aliweza kuzitengeneza huku kazi ikiendelea.

SAGE yenyewe ilipitwa na wakati mapema, kwani makombora ya masafa marefu hayazuiliki kwa ndege za kivita. Hata hivyo kompyuta zake za mwisho zilizimwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mbao zake zenye taa za kumetameta ziliuzwa, zikaonekana katika filamu nyingi za Hollywood.