Lodwar na Kakuma: Miji na Mabaraza Yake

Mwenye kutaka kujua kwa nini kitovu cha mji mmoja hukusanya watu wa kila namna, na cha mwingine huwafarakisha, hana budi kwanza kuuliza mji huo ulipangwa na nani na kwa maslahi ya nani. Na katika Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, swali hilo hujibika kwa wepesi, kwa kuwa miji yake ya Lodwar na Kakuma, kwa hali tunayoijua leo, ni ya juzi tu.

Mwaka 1933, mfanyabiashara Shah Mohamed alipofika ukingoni mwa mto Turkwel na kufungua biashara, Lodwar ilikuwa zahanati ndogo, gereza la serikali na nyumba chache za maofisa. Wilaya yenyewe ilikuwa imefungwa, hata mgeni hakuweza kuingia bila ya ruhusa, na Lodwar ndipo Jomo Kenyatta alipoletwa kutoka gereza la Lokitaung mwaka 1959, akawekwa kizuizini hadi 1961. Dola iliyouona mji kuwa ni mahali pa kumtenga mtu na wenzake haikuwa na sababu ya kukumbuka, katika ramani yake, baraza la watu kukutania.

Na mabaraza yalikuwapo, tena ya tangu kale. Wazee wa Kiturkana walikutana chini ya mti wao, mti wa wanaume, wakaamua mashauri na kupanga safari za malisho. Na kando ya Turkwel kila jamaa ilikuwa na ekwar yake, yaani kipande cha ukingo chenye migunga, ambayo maganda yake, yaangukapo wakati wa kiangazi, huwa chakula cha mbuzi, wala jirani hapeleki mifugo yake pale ila kwa idhini ya wenyewe. Nastaajabia hekima iliyomo katika ada hiyo, maana ekwar ni mpaka, na papo hapo ni sababu ya watu kuendeana na kuombana. Na watu waombanao hawaachi kujuana. Lakini haki hiyo haikuandikwa popote, na sheria ikaihesabu ardhi hiyo kuwa amana mikononi mwa halmashauri.

Kakuma ilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1992 kambi ilifunguliwa karibu na kituo kidogo cha wenyeji kwa ajili ya vijana wa Sudan waliokwisha kutoka Ethiopia kwa miguu, kisha wakafuata Waethiopia na Wasomali. Na kwa kuwa ilidhaniwa kuwa ni makazi ya muda, ilipangwa kwa kugawa mahema, chakula na maji, bila ya kufikiriwa sana kwamba wenyeji na wageni wangeishi ujirani wa miaka thelathini na zaidi. Kitovu kikajipanga chenyewe. Waethiopia wakafungua mikahawa, Wasomali maduka, na mwanamke wa Kiturkana akafika na mzigo wa kuni kichwani, akasimama mlangoni kwa Msudani, wakapatana kwa Kiswahili kidogo na ishara za vidole, akarudi kwao na unga. Mwaka 2018 IFC, shirika la fedha lililo chini ya Benki ya Dunia, lilikadiria kuwa matumizi ya watu wa kambi na mji yalifikia dola milioni 56 kwa mwaka. Na soko lote hilo lilikuwa limeota mahali ambapo hakuna aliyechora soko.

Ndipo lilipokuja wazo la Kalobeyei, makazi mapya karibu na Kakuma. Mwaka 2015 serikali ya kaunti, kwa mashauriano na wenyeji, ilikubali kutoa takriban hekta 1,500, na Shirika la Makazi la Umoja wa Mataifa likasaidia kuchora mji ambamo shule, zahanati na masoko yangekuwa ya mkimbizi na ya mwenyeji kwa pamoja. Naliona hilo kuwa ni hatua kubwa kuliko zote katika historia ya mipango ya Turkana, kwa kuwa mwenyeji aliulizwa kabla ya kigingi kukitwa. Lakini mwaka 2016, vita vilipowaka tena Sudan Kusini, wakimbizi walimiminika, na makazi yaliyokusudiwa kujaa polepole kwa hiari ya wageni na wenyeji yakapokea kwanza wenye dharura. Tangu hapo Kalobeyei inajengwa huku ikikaliwa, na masoko yake, yaliyochorwa kwa watu wa pande mbili, bado yanangoja wenyeji wajae.