Jina la Kukopa

Mwaka jana mwezi wa Januari, dada mmoja jirani yetu aliingia katika saiba ninayofanya kazi hapa Ruiru, akaniwekea flashi mezani na kusema, "Nitolee digrii."

Nilidhani anataka nakala. "Ngapi?"

"Aah, si nakala. Itoe kwa CV. Futa kabisa."

Kulikuwa na kiwanda kule Thika kilichokuwa kinaandika watu wa kupakia bidhaa. Walitaka kidato cha nne, kitambulisho na cheti cha tabia njema, basi. Mara mbili alikuwa amepanga foleni getini tangu saa kumi na moja asubuhi. Mara zote mbili mtu wa kupokea karatasi alifika kwenye mstari wa chuo kikuu, akamwangalia juu mpaka chini, akamwambia, "Wewe utatuhepa ukipata ya ofisi," kisha akamrudishia karatasi zake.

Nilimfanyia. Kazi yenyewe ilichukua kama dakika ishirini. Kurasa tatu zikawa moja. Tuliondoa dini, hali ya ndoa, alama za darasa la nane, na ile sentensi ya kuwa yeye ni mchapakazi anayejituma, ambayo iko kwenye kila CV inayopita hapa. Tulisoma tangazo neno kwa neno. Lilisema kuhesabu, kupanga na kubeba, kwa hivyo kuhesabu stoki katika duka la mama yake, jambo alilokuwa ameliandika mwisho kabisa kwa aibu, tukalipandisha juu. Hatukuongeza uongo. Tulikata tu. Miaka minne ya chuo ikawa pengo, nasi tukaliziba na lile duka, kwa maana likizo zote alikuwa akiuza pale.

Alipoondoka nilibaki nikiwaza. Mimi mwenyewe nina digrii ya historia. Hapa saiba hainisaidii kitu, ila hunifanya nisikie maneno vibaya. Kwa mfano hilo la "kuandika". Kwa Kiswahili, mtu akipata kazi tunasema ameandikwa. Akiipoteza, amefutwa. Kalamu iko mkononi mwa mwingine, na wewe ndiwe unayeandikwa na kufutwa. Hata kibarua, neno ambalo foleni yote ya getini hujiita kwalo, maana yake ni barua ndogo. Linatoka pwani, ambako mfanyakazi wa siku alipewa kikaratasi cha kuonyesha ili alipwe jioni. Baadaye kikaratasi kilipotea, jina likamkalia mtu.

Halafu kuna kipande. Polisi wa Thika akikusimamisha usiku hatakuuliza kitambulisho. Atakuuliza, "Kipande iko wapi?" Vijana wengi hudhani ni neno la mtaani tu. Guka wangu alikuwa na kile chenyewe.

Reli ilifika Thika mwaka 1913. Kando yake, kuanzia Ruiru kupanda juu, walowezi walilima kahawa, na kwenye ukavu wa kuelekea Makuyu wakapanda mkonge. Mazao yote mawili yanataka mikono mingi, na mikono ilikuwa haipendi kukaa. Mtu alifanya kazi mwezi mmoja au miwili, akapata pesa ya kodi, akaona bwana ana matusi, akaenda zake nyumbani au kwa jirani anayelipa vizuri zaidi. Kwa mlowezi huo ulikuwa utoro. Sheria ya kuwasajili Waafrika ikapitishwa mwaka 1915. Vita vikaichelewesha, na utekelezaji ukaanza mwaka 1919 na 1920. Kila mwanaume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alitakiwa kubeba karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, na orodha ya kazi zake: ameandikwa na nani, lini, kwa mshahara gani, ameachiliwa lini. Karatasi ilikunjwa na kutiwa ndani ya kijikopo cha bati, na wengi walikivaa shingoni kwa kamba. Wazee wa Kikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi.

Ukikitazama vizuri, kipande kilikuwa CV. Kilikuwa na tarehe, mwajiri, cheo na mshahara. Tofauti ni kwamba mwenyewe hakuruhusiwa kugusa hata nukta. Bwana ndiye aliyejaza, naye ndiye aliyetia saini siku ya kukuachilia. Bila ile saini ulikuwa mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jela. Nao mshahara ulioandikwa ulikutangulia kila mahali. Bwana mpya alifungua kikopo akaona shilingi kumi, basi akakupa kumi. Kwa nini akupe kumi na tano na ameshajua bei yako? Wapishi na maboi wa nyumbani walitungiwa sheria yao wenyewe katika miaka ya 1920, wakapewa kitabu ambamo bibi mwenye nyumba aliandika maoni yake kuhusu tabia. Mpishi asiyejua kusoma alizunguka na maneno ambayo huenda ndiyo yaliyokuwa yakimfungia milango.

Mtu aliyelipigia jambo hili kelele kabla ya wengine alitoka karibu na hapa. Harry Thuku alizaliwa Kambui mwaka 1895, akasomea kwa wamishonari wa huko. CV yake ingekuwa nzuri: alipanga herufi katika kiwanda cha gazeti la walowezi Nairobi, kisha akawa mtu wa simu katika ofisi ya Hazina ya serikali. Mwaka 1921 walowezi walipokubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika, yeye na wenzake waliunda chama, na kipande kikawa kati ya malalamiko yao makubwa, pamoja na wasichana kulazimishwa kwenda kuchuma kahawa. Kazi ya simu ikaisha. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi Nairobi, bunduki zikalia, na Mary Muthoni Nyanjiru akawa miongoni mwa waliouawa. Thuku akapelekwa Kismayu, na miaka ya uhamisho ikafika mpaka 1930. Kipande kilibaki shingoni mwa watu kwa miaka mingine mingi.

Kwa hivyo Guka, aliyezaliwa karibu mwaka 1925, alikipata wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Aliandikwa kukata mkonge katika shamba moja nje ya Thika kwa shilingi kumi. Mwaka wa pili alipata habari kuwa mama yake ni mgonjwa sana. Akaomba ruhusa. Akaambiwa amalize kwanza tikiti yake ya siku thelathini. Alienda usiku, kwa miguu. Alimkuta mama yake hai, akamzika baada ya siku tano.

Sasa ana kipande kisicho na saini. Akikionyesha popote atakamatwa. Asipokuwa nacho, vilevile. Alichofanya alinisimulia mara nyingi, na kila mara alicheka mahali palepale. Alikuwa na binamu aliyekuwa ameachiliwa vizuri kutoka shamba la kahawa, saini ipo, naye amelala nyumbani na mguu mbovu. Guka akakopa kile kikopo. Akateremka mpaka Ruiru, akaandikwa kwa jina la binamu. Vidole kwenye karatasi havikuwa vyake, lakini karani wa shamba hakuwa na namna ya kulinganisha vidole pale chini ya mti. Alisoma jina. Alisoma mshahara. Binamu alikuwa akilipwa shilingi nane.

"Kwa hivyo ulipewa nane?" nilikuwa nikimuuliza, hata kama najua.

"Nane! Mtu wa kumi!" Hapo ndipo alipokuwa akicheka.

Karibu miaka miwili aliitikia jina lisilo lake. Anasema siku moja nyapara aliita jina lake halisi, akimwita mtu mwingine kabisa, naye akajizuia asigeuke mpaka shingo ikamuuma. Kuna jambo lingine ambalo halikumchekesha. Alijua kupogoa mibuni, alifunzwa na mzee mmoja wa pale, na kazi hiyo ililipa zaidi. Lakini kipande cha binamu kilisema mchumaji. Angejitokeza kuwa anajua zaidi, wangetaka kujua alijifunzia wapi. Akanyamaza na debe lake.

Mwaka 1947 sheria nyingine ilikuja, ya kusajili wanaume wa rangi zote, na hapo walowezi nao wakaja juu kwa kuambiwa watie vidole kwenye wino kama wahalifu. Ndiyo, waliyasema hayo bila haya, baada ya karibu miaka thelathini ya wino kwenye vidole vya wengine. Historia ya kazi ikatoka shingoni, ingawa kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru haikukaa mbali. Baada ya Operesheni Anvil ya Aprili 1954 walipewa pasibuku, na bila hiyo usingeandikwa wala kusafiri.

Yule dada alirudi wiki hiyohiyo tujaze maombi ya cheti cha tabia njema kwenye eCitizen. Shilingi 1,050, ambazo zilikuwa pungufu nikamwongezea, na fomu ya vidole tukaichapa. Akaenda nayo Huduma Centre ya Thika, wakamshika kidole kimoja kimoja, wakakiviringisha kwenye wino. Aliporudi alikuwa bado ana weusi kando ya kucha. Sikumwambia lolote kuhusu Guka. Mtu anayetafuta kazi hahitaji mhadhara.

Lakini tangu siku hiyo nimekuwa na wasiwasi kila ninapofuta kitu kwa mtu. Kukata CV ifuate kazi ni jambo zuri, na huwafunza wateja wangu kila siku. Dereva anayeomba kazi ya stoo asianze na leseni, aanze na zile rekodi za mzigo alizoshika. Ukiomba sehemu tano, uwe na karatasi tano. Ukiulizwa mshahara wa sasa na si lazima kujibu, acha wazi. Hilo nililijua kwa Guka kabla sijalisoma popote. Uhuru huu wa kuchagua nini kitangulie na nini kibaki nyumbani, yeye hakuwahi kuwa nao. Ila huyu dada hakukata ili aonekane vizuri. Alikata ili atoshee kwenye shilingi nane.

Aliandikwa. Nilimwona Aprili akishuka matatu na maziwa na mkate, amechoka. Akaniambia msimamizi wao hajui kutengeneza jedwali la hesabu kwenye kompyuta, huandika yote kwa mkono na kukosea, naye hukaa kando amenyamaza. "Nikimwonyesha, ataniuliza nimejulia wapi." Nilishikwa na baridi pale stejini.

Cucu bado yuko, na ana zaidi ya miaka tisini. Huniita mzee wangu, kwa maana nimepewa jina la mumewe. Kikopo cha Guka, kile chake halisi, alikuwa akiwekea tumbaku ya kunusa mpaka kikatoboka. Yeye hakuwahi kuvaa. Kipande kilikuwa cha wanaume. Hata vitambulisho, wanawake wa Kenya walianza kuandikishwa baada ya sheria kubadilishwa mwaka 1978. Amechuma kahawa ya Ruiru tangu akiwa msichana mpaka mgongo ulipokataa, na hakuna karatasi duniani inayosema hivyo. Pengine jina lake lilikuwa kwenye daftari la nyapara fulani. Hilo daftari labda liliwashia moto.

Jumapili moja nilibeba laptopu ya kazini, nikakaa naye jikoni, nikamwambia namwandikia CV. Aliona ni upuzi, kisha akaanza kunisahihisha. Si kuchuma tu, andika na kuchagua, kutenga zilizoiva na mbichi. Andika madebe mangapi kwa siku wakati wa msimu. Andika kwamba alifanya na mtoto mgongoni, watoto sita, mmoja mmoja. Andika nguruwe wa mama mmoja Mzungu, aliwalisha mwaka mzima. Nikaandika kwa tarehe, kama tunavyofanya, mwaka wa karibuni juu. Nilipofika 1954 nikamsomea: kijiji cha Emergency, kuchimba handaki.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Kwako, Cucu. Ulituambia mlichimba mpaka mikono ikatoa damu."

"Nilichimba." Akaigeuza viazi kwenye sufuria. "Toa."

"Lakini ni kazi ulifanya."

"Mzee wangu, sikuomba mtu kazi hiyo. Toa."

Nikaifuta. Akataka nimsomee tena kuanzia mwanzo, nikasoma, akaitikia kwa kichwa kila mstari. Kisha akauliza kama karatasi inaweza kutoka leo, maana stima ilikuwa imeanza kuyumba.