Thamani ya Mchezaji Siku ya Biashara: Hall, Larsson na Ukomo wa Mishahara

Juni 29, 2016, klabu ya hoki ya barafu ya Edmonton Oilers ilimtoa winga wake wa kushoto, Taylor Hall, kwa New Jersey Devils ikampokea beki Adam Larsson. Mtu kwa mtu, bila nyongeza. Msimu uliokuwa umekwisha Hall alikuwa na pointi 65, yaani mabao na pasi za mabao kwa pamoja, na Larsson 18. Wengi walisema hapohapo kwamba Edmonton imepunjwa. Naafiki hukumu hiyo, ila sababu waliyoitoa, yaani tofauti ya pointi, haitoshi.

Pointi hazimpimi beki. Larsson alikuwa akipangwa dhidi ya safu kali za wapinzani, mara nyingi akianzia upande wa lango lake. Kazi bora ya mchezaji wa namna hiyo ni bao lisilofungwa, nalo haliandikwi kwa jina la mtu yeyote. Isitoshe, Larsson hucheza fimbo kwa upande wa kulia, na mabeki wa upande huo ni adimu, hivyo bei yao hupanda.

Matokeo ya baadaye nayo ni shahidi kigeugeu. Mwaka 2017 Edmonton iliingia hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2006, huku New Jersey ikishika mkia Kanda ya Mashariki. Biashara ikaonekana ya busara. Mwaka 2018 Hall alimaliza msimu na mabao 39 na pointi 93, akatwaa tuzo ya Hart ya mchezaji bora wa ligi, na biashara ileile ikaitwa aibu. Msimu uliofuata, kwa sababu ya majeraha, alicheza mechi 33 tu. Anayesubiri matokeo ndipo ahukumu anapima pia afya, bahati na wachezaji wenza. Na Edmonton ya 2017, tusisahau, haikumtegemea Larsson peke yake: ilikuwa na mshambuliaji nyota, Connor McDavid.

Kipimo ninachokitetea ni mkataba. Tangu 2005 NHL, ligi ya klabu hizi, imeweka ukomo wa mishahara, ambao kwa msimu wa 2016–17 ulikuwa dola milioni 73 kwa kila klabu. Mchezaji akihamishwa, mkataba wake huenda naye, kwa hiyo kinachobadilishwa hasa ni nafasi chini ya ukomo huo. Hall, mwenye umri wa miaka 24, alikuwa amebakiza misimu minne ya dola milioni 6. Kwa mshambuliaji wa kiwango chake, hiyo ilikuwa bei nafuu, na ilijulikana siku ile bila kungoja tuzo yoyote. Larsson aligharimu takribani milioni 4.2 kwa mwaka. Edmonton iliokoa chini ya milioni 2.

Siku mbili baadaye ikamsajili winga mwingine wa kushoto, Milan Lucic, mwenye miaka 28, kwa miaka saba na dola milioni 6 kila mwaka. Hapo ndipo hasara ilipo. Larsson alistahili mshahara wake, lakini pengo la Hall lilizibwa kwa bei ileile, na mtu aliyemzidi umri kwa zaidi ya miaka mitatu. Julai 2019 Edmonton ilimbadilisha Lucic na James Neal wa Calgary, na ili biashara ipite ikabidi iendelee kubeba asilimia 12.5 ya mshahara wake. Mkataba wa Hall ulikuwa wa kwisha 2020; wa Lucic ulifika 2023.