Mrejeo na Mrejesho

Jumapili moja, katika kanisa la mabati pale Ruiru, mhubiri alishuka madhabahuni na maiki mkononi akapita mbele ya spika. Mlio mkali ukajaa ukumbi, watoto wakaziba masikio. "Maiki inalia!" mama mmoja akamwambia kijana wa mitambo, naye akateremsha sauti kwenye miksa upesi.

Mlio ule wengi wetu huuita fidibeki. Maiki ilinasa sauti ya spika, amplifaya ikaikuza, spika ikaitoa, maiki ikainasa tena. Maiki ikiwa mita 3 kutoka kwenye spika, safari hiyo huchukua takriban milisekunde 9 tu, na kila mzunguko sauti inazidi. Si mwangwi, maana mwangwi hufifia.

Wapo wanaosema tuuite mrejesho. Ofisini neno hilo ni maoni anayopewa mtu kuhusu kazi yake, nalo limetoka kwenye rejesha: lazima awepo anayerudisha. Kanisani hakuna aliyerudisha chochote. Sauti ilirejea yenyewe. Huo mimi nauita mrejeo.

Kwenye programu-jalizi, yaani programu ndogo inayochomekwa ndani ya programu ya kurekodia, mambo ni mengine. Nilirekodi maporomoko ya Chania pale Thika kwa simu, nikayapitisha katika programu-jalizi ya kuchelewesha sauti. Ina kitufe cha kuzungusha kinachoamua ni kiasi gani cha sauti iliyotoka kirudishwe ndani. Kwenye asilimia 50 kila rudio ni nusu ya lililotangulia: nusu, robo, thumni, mpaka kimya. Kwenye 100 sauti haifi. Nikapita 100 kidogo, nikaweka kichujio cha kupitisha masafa machache tu, kisha nikazima rekodi ya maji. Mvumo mmoja mzito ukabaki ukiimba peke yake. Nilikaa nao usiku kucha, nikiuvuta na kuulegeza.

Hapo aliyerudisha sauti ni mimi, kwa kidole changu. Huo ndio mrejesho.

Mpaka wa maneno haya una mahali pagumu. Mwaka 1968 Steve Reich, mtunzi wa Marekani, alitunga Pendulum Music, ambamo maiki zinabembea juu ya spika na kulia kila zinapopita. Nadhani ni mrejeo bado, ila uliotegwa.

Enyi mnaofundisha kurekodi Thika na Ruiru, yatumieni maneno haya mawili darasani, kila moja mahali pake.