Wimbo Uliolea Watu

Katika kijitabu hiki wapo watakaosimulia safari za kwaya yetu, sare zetu na nyimbo zetu. Sisi tuliopewa ukurasa huu tumeona tukumbuke habari ya zamani kidogo, kwa kuwa inatuhusu waimbaji: jinsi wimbo na ushuhuda vilivyojenga tabia za watu.

Mwezi wa Septemba 1929, watu wawili walikutana Namirembe, Kampala. Mmoja alikuwa Simeoni Nsibambi, Mganda. Wa pili alikuwa Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini, Rwanda. Walisoma Biblia na kuomba pamoja. Miaka iliyofuata uamsho uliwaka Gahini, ukaenea Uganda, na mwaka 1937 kikundi cha wahubiri kikauleta Kabete, hapa kwetu.

Ndugu wa uamsho hawakuwa na mambo mengi. Walikutana mara kwa mara katika ushirika. Mtu alisimama akaeleza alivyoanguka na alivyosamehewa, kisha wote wakaimba Tukutendereza, wimbo wa Kiganda ulioimbwa hata na wasiojua Kiganda. Aliyeiba alirudisha alichoiba. Aliyemkosea jirani alikwenda kumwomba msamaha. Maisha hayo waliyaita kutembea nuruni.

Haba na haba hujaza kibaba. Aliyezoea kusema kweli kuhusu deni dogo alikuwa akijifunza, bila kujua, kusema kweli siku ambayo ingemgharimu.

Siku hiyo ilifika. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Watu walidai ardhi yao na uhuru wao, na dai hilo lilikuwa la haki. Lakini vita vilipokolea, kila mtu alitakiwa achague upande. Ndugu wengi wa uamsho walikataa kula kiapo, wakisema wamekwisha kuwa wa Yesu kwa damu yake. Wengi wao walikataa pia kubeba bunduki za serikali. Hivyo wakashukiwa na pande zote mbili. Wapo waliopigwa, na wapo waliouawa. Katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1955, Obadiah Kariuki, mmoja wa watu wa uamsho, aliwekwa wakfu kuwa askofu.

Msimamo ule ulitoka wapi? Usiku mlango unapogongwa, hakuna apataye nafasi ya kujijengea tabia. Hutumia ile aliyo nayo. Wao walikuwa wameijenga kwa miaka, kwa yale waliyoyawaza, waliyosimuliana na kuyaimba.

Hatusemi kwamba walikuwa malaika. Baadaye palitokea kuhukumiana, na makundi yakagawanyika. Hilo nalo ni funzo: wimbo unaweza kubaki mdomoni wakati moyo umekwisha kuondoka.

Ndiyo maana habari hii inatugusa. Katika mazoezi sisi hurudia mstari mmoja mara nyingi, mpaka sauti zote nne zikae. Maneno tunayoyarudia hivyo hutufuata jikoni, shambani, kazini na ndani ya matatu. Yanatulea, tukiyakubali. Basi tujiulize: tukiimba msamaha Jumapili, je, Jumatatu tunamsalimu yule tuliyekosana naye? Tukiimba uaminifu, je, hesabu ya fedha za kwaya inasomeka mbele ya wote? Na watoto wanaokaa mbele wakituangalia, watasimulia nini juu yetu?

Kwa yubile hii tunamshukuru Mungu kwa sauti alizotupa, na kwa wazee waliotutangulia. Tumwombe pia atufanye watu wanaofanana na nyimbo zao. Karibuni tuimbe pamoja.